Kibao cha Mama Suzana

Mtoto wa kijiji cha Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, hufundishwa kula dagaa polepole. Anatafuna huku anasikiliza. Akisikia krr, anatema mchanga, kisha anaendelea kula. Wakubwa nao hula hivyo hivyo, wala hawaoni ajabu.

Matilda alikula hivyo tangu utoto. Sasa ni mke wa Silvesta, mvuvi, na ni mama wa Suzana mwenye miaka minane. Kila asubuhi mitumbwi ikirudi, hupokea dagaa na kuwaanika mchangani. Pembeni yake huanika Aurélie, mama yake Arcade.

Hawa wawili si watu wa kusalimiana tu. Suzana alipozaliwa, Matilda aliugua mwezi mzima, maziwa hayatoki. Aurélie alimnyonyesha Suzana titi moja, na Arcade wake titi jingine. Mpaka leo Suzana ana mama wawili. Akinuniwa na mmoja, anakimbilia kwa mwingine.

Pale ufukweni kuna desturi. Wingu likitanda, aliye karibu huanua dagaa wa wote. Hakuna kuuliza hawa ni wa nani. Akinamama husema, "Mvua haichagui, na sisi tusichague."

Siku moja Suzana alisahau kusikiliza. Alikuwa na njaa, akatafuna haraka. Jiwe dogo likamegua jino lake jipya la mbele. Mtoto alilia, na Matilda akalia naye. Kisha akaosha dagaa waliobaki kwenye bakuli. Chini ulibaki mchanga wa kujaa kiganja.

"Mchanga huu nimeuanika mimi," alimwambia mumewe. "Na mwingine nimewauzia watu wenye watoto kama wangu. Naona aibu, baba Suzana."

Kesho yake alikwenda kwa Ndaki, afisa uvuvi. Ndaki ni kijana wa Kisukuma. Ukimuuliza saa, atakueleza kwanza jua linavyochomoza. Lakini kazi yake anaijua.

"Dawa ni chanja," alisema Ndaki. "Simika nguzo, kimo cha kiunoni. Tandaza juu yake wavu mkuukuu wenye matundu madogo. Osha dagaa, waanike wakiwa wachache wachache, usiwarundike. Upepo utapita juu na chini. Watakauka upesi, na kuku hawatawafikia."

"Lakini mchanga unaongeza uzito," alisema Matilda. "Ndiyo maana hatuuachi."

"Unafikiri mnunuzi hajui? Anajua vizuri sana. Kwa hiyo anawashushia bei nyie wote. Mnauza dagaa kwa bei ya mchanga, mama."

Silvesta alisimika chanja siku ile ile. Wenzake walimcheka, wakamuuliza kama anawatengenezea dagaa kitanda. Kesho yake Matilda alianika juu yake, na jua lilikuwa kali. Kufika jioni dagaa wamekauka, wanang'aa.

Mnunuzi wao alikuwa Bi Sauda, mfanyabiashara wa Mpanda mjini. Alipokuja, alitia dagaa mmoja mdomoni. Akatafuna, akafumba macho, akasubiri krr. Haikuja.

"Mama, hawa nawachukua wote," alisema. "Na bei nakupandishia."

Furaha ikampanda Matilda kichwani. Alitafuta ubao na rangi nyeupe, akaandika: DAGAA SAFI WA MATILDA. WA WENGINE WANA MCHANGA. Akaupigilia kwenye nguzo ya chanja.

Aurélie alikuwa amejifunza kusoma mwaka ule ule, darasa la watu wazima. Matilda mwenyewe ndiye aliyempeleka kujiandikisha. Sasa alisimama mbele ya kibao, akasoma herufi moja moja, midomo ikicheza. Alimaliza, akarudia kuhakikisha.

"Umeandika kweli, Matilda," alisema. Hakumwita Mama Suzana. "Mchanga upo. Lakini hao wengine ni nani? Ni mimi."

Akaenda zake. Toka siku hiyo hakumsemesha tena. Akinamama wengine nao wakawa wanakatisha mazungumzo Matilda akipita. Suzana alizunguka kati ya nyumba mbili, haelewi kwa nini mama zake hawaongei.

"Wananionea wivu," Matilda alimlalamikia Ndaki.

Safari hii Ndaki alisema maneno machache. "Ulianza kushindana na mchanga, mama. Sasa unashindana na wenzako. Mwezi uliopita tu, nawe ulikuwa wa mchangani. Kama unataka biashara ya dagaa ibadilike hapa, waonyeshe njia. Usiwaaibishe mbele ya wanunuzi."

Matilda aliona ukweli, lakini hakujua aanzie wapi. Kuomba radhi ni kazi nzito kuliko kusimika nguzo. Alipita mlangoni kwa Aurélie siku tatu mfululizo, na mara zote tatu miguu ikakataa kuingia.

Siku ya nne alimpeleka Suzana zahanati, jino lilikuwa linauma. Wakiwa huko, mvua kubwa ikashuka. Matilda alitoka mbio na mtoto mgongoni. Dagaa wa Silvesta wa siku mbili walikuwa juu ya chanja. Nani angewaanua, baada ya maneno yale?

Alipofika, alikuta chanja imefunikwa turubai la bluu, pembe zake zimegandamizwa kwa mawe. Turubai lile alilijua. Lina kiraka cha kanga, na kiraka hicho alikishona yeye. Ni la Aurélie. Pembeni, Aurélie amelowa chapachapa, anaokota dagaa wake mwenyewe kwenye mchanga uliogeuka tope.

"Mama Arcade! Kwa nini hukuanza na wako?"

"Wako walikuwa wamekaribia kukauka. Wangu ni wabichi bado." Aurélie hakuinua kichwa. "Na Suzana angekula nini?"

Matilda alipiga magoti kwenye tope, akaokota naye. Machozi yakamtoka, hakuyaficha. "Nisamehe, dada yangu. Nilikuumiza, na wewe ndiye uliyemlea mwanangu."

"Okota kwanza," alisema Aurélie. "Tutalia tukimaliza."

Mvua ilipokatika, Matilda aling'oa kibao mbele ya wote. Wiki ile Silvesta na wavuvi wenzake walisimika chanja ya Aurélie, kisha za wengine. Ndaki alifundisha, na kwa kweli aliongea sana. Akinamama walikubaliana kwamba gunia likikutwa na mchanga halitauzwa. Bi Sauda akanunua kwa bei moja, ile nzuri.

Leo chanja ziko kumi na moja. Wako akinamama wawili ambao bado wanaanika chini na kuuza kivyao, wanasema watangoja waone. Hakuna anayewasema. Wingu likitanda, dagaa wao huanuliwa pamoja na wa wengine.

Kibao nacho kimerudi, kimegeuzwa upande wa pili. Matilda alimpa Aurélie brashi. "Andika wewe," alimwambia.

Aurélie alitumia asubuhi nzima. Herufi zimelala kidogo, lakini zinasomeka: DAGAA WETU. TUMEWAANIKA JUU.

Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akakisoma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akageuka.

"Nimekosea mahali, Mama Suzana?"

"Hapana," alisema Matilda. "Hujakosea hata herufi moja."