Usingizi wa Emilian na Moto wa Bani

Msimu wa kukausha tumbaku, nyumba yetu hapa Goweko hailali yote kwa pamoja. Bani, lile banda la kukaushia, likishajazwa majani, moto wake hauzimwi usiku wala mchana. Ukipungua, majani yanaoza. Ukizidi, jani kavu linadondoka juu ya bomba la moto, na bani linaungua pamoja na jasho la mwaka mzima. Mimi na mume wangu Kasimiri hupokezana kuuchunga.

Mwaka huu mwanetu Emilian alirudi kutoka masomoni Kanada. Tulichinja jogoo, majirani wakaja. Lakini mchana mtoto alisinzia na tonge mkononi, hata katekista alipokuwa anamwombea. Usiku akawa macho makavu, anatafuta ugali. Watu wakanong'ona kwamba amerudi na jini la huko. Roho yangu haikutulia. Baba yake alicheka tu.

"Tumepata popo wa bure," akasema. "Yeye akae na moto usiku, sisi tulale."

Emilian akakubali upesi, maana aliona aibu kulala wenzake wakifanya kazi. Basi usiku akachochea moto, na mchana mimi nikaziba dirisha lake kwa khanga ili alale gizani. Tuliona tunamtunza. Siku zikapita, hali ikawa ile ile. Kichwa kizito, tumbo limevurugika, ukimtuma kitu anasahau njiani.

Asubuhi moja jua linachomoza, nilitoka na ndoo nikasikia harufu ya kuungua. Emilian alikuwa ameegemea ukuta wa bani, amelala fofofo, na tanuri limejaa magogo yanayowaka. Nilimwita, hakuamka. Nikamvuta kwa mikono miwili. Kasimiri alikuja mbio, akayatoa magogo na kuyafukia kwa mchanga. Bani lilipona, ila majani yaliyoning'inia kwenye fito za chini yalikuwa meusi.

Emilian alikaa chini anatetemeka. "Mayu, mama yangu, niliongeza kuni, nikafumba macho kidogo tu," aliniambia.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio, na Swaumu akapita kwetu kuweka mizigo yake. Huyu ni muuza vitenge wa Tabora mjini, naye husafiri mpaka China kufuata bidhaa. Emilian akamwamkia shikamoo kwa sauti ya chini. Mimi nikamweleza Swaumu yote, hata lile la jini.

"Jini gani linadai ugali usiku wa manane?" akasema. "Mama Emilian, mwili wa huyu bado uko Kanada."

"Mwili uko hapa," Kasimiri akamjibu. "Nimeukuta umeegemea ukuta wangu."

Swaumu akacheka, kisha akatueleza. "Babu zenu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu. Walichoka miguu, lakini usiku wao ulibaki usiku, kwa sababu walikwenda polepole. Ndege haimsubiri mtu. Hapa kukipambazuka, alikotoka ndiyo watu wanapanda kitandani. Mwili wake unafuata saa za kule. Mmempa zamu ya moto, na alfajiri ndipo usingizi wake unapokuja."

Nikamwuliza dawa. Akasema dawa kubwa ni mwanga wa jua. Asubuhi atoke nje, hata kama anajikokota. Mchana akizidiwa alale kidogo tu, kisha tumwamshe. Ale saa tunazokula sisi, anywe maji, na kahawa na chai ya rangi aziache kuanzia mchana. Usiku alale gizani, simu iwe mbali. Na mpaka mwili umrudie, asichunge moto wala kuendesha pikipiki. Wengine hupona kwa siku chache, wengine huchukua wiki na zaidi. Yeye mwenyewe, aliporudi kutoka China mara ya kwanza, alilala juu ya vitenge dukani, mteja akajipimia.

Halafu akaacha utani. "Lakini homa haiji kwa kuchoka na safari. Ukimwona anachemka au anatetemeka, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Aliyekaa miaka mbali na mbu wetu, ikimpata humpiga vibaya."

Emilian alikuwa ametetemeka asubuhi ile. Sikungoja. Tulikwenda zahanati, akapimwa, akakutwa hana malaria. Ulikuwa woga wa moto.

Kuanzia hapo baba yake akawa anamgongea mlango kila asubuhi. "Popo, jua limekuja kukusalimia," anamwambia, na wanakwenda shambani. Siku za mwanzo Emilian alinuna. Baadaye akaanza kulala tunapolala, na kuamka kabla ya kugongewa.

Bani lilipojazwa tena, aliomba zamu ya mchana, akauchunga moto kwa macho mawili. Tulipofungua mlango, majani yalikuwa ya njano safi, juu mpaka chini.

Nawe mama unayemsubiri mtoto ashuke kwenye ndege, mkumbatie, mpikie. Usimpe kazi ya moto. Na asubuhi mfungulie dirisha. Khanga ni ya kuvaa.