Pengo la Ngitili

Kwa nini mtu aliyetoka kuua asimame kuziba pengo la uzio?

Inspekta Apolonia Nkwabi alijiuliza hivyo akiwa amechuchumaa mbele ya tawi la mgunga, jua la saa mbili asubuhi likimchoma kisogoni. Hatua arobaini nyuma yake, mwili wa Ansgar ulikuwa umelala chali kando ya jiwe jeusi. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa vizuri kwenye minyaa ya mahame, makazi yaliyohamwa zamani. Kando ya mkono wake wa kulia palikuwa na nyundo, na kando ya nyundo kigingi kilichoingia ardhini nusu tu.

Wanawake waliokwenda kuokota kuni ndio waliomkuta.

Ansgar alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amerudi kijijini Mwabasoga kutoka Mwanza akiwa na wazo moja: kuchonga njia ya baiskeli za milimani kandokando ya msitu wa hifadhi wa Nzulumi, wageni waje, vijana wawe waongozaji badala ya kushuka mashimoni kutafuta dhahabu. Kwa miezi saba wazo hilo lilikigawa kijiji. Vijana walilishangilia. Wafugaji walihofia malisho. Wachimbaji wadogo waliutaka mlima wenye msitu huo kwa shughuli zao wenyewe. Kila mkutano ulimalizika kwa kelele.

"Afande," Koplo Boaz alisema, akifungua daftari lake. "Daktari anasema alianguka kinyumenyume, kisogo kikagonga jiwe. Hilo ndilo lililomuua. Ila mkono wa kushoto una alama ya fimbo. Alijikinga."

"Lini?"

"Jana, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni."

"Njoo uangalie tawi hili. Unaona nini?"

Boaz aliinama. Alikuwa mtu wa Kigoma, na hakuwa amemaliza mwaka katika wilaya hiyo. "Naona miiba, afande."

"Tazama pale lilipokatwa."

Boaz alitazama. Kwenye mti mweupe wa shina la tawi palikuwa na doa la kahawia, pana kama kiganja.

"Damu."

"Damu. Sasa nisikilize. Huu uzio wa minyaa unazunguka ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote, ng'ombe wasiguse jani, ili kiangazi wapate cha kula. Hapa ndipo mlango wake, na mlango ni tawi la miiba. Ukiingia, unalivuta nyuma yako kwa shina, miiba ikabaki nje. Shina liko upande gani?"

"Ndani."

"Basi aliyelishika hakukimbilia barabarani. Aliingia ngitili akiwa na damu mikononi, akageuka, akafunga mlango."

"Labda alitaka kutuchelewesha."

"Kwa tawi moja? Hapana. Na kuna jambo lingine. Liandike. Ngitili hii ni ya marehemu baba yangu. Ni yangu."

Kalamu ya Boaz ilisita.

"Wiki tatu zilizopita Ansgar alinipigia simu. Alitaka njia yake ipite humu. Nilimkatalia."

"Ulimpa sababu gani, afande?"

"Nilimwambia hapa ni mahali pa utoto wangu."

Alipompigia Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya kumweleza, mkuu alimjibu kwamba kukataa njia si kosa, aendelee na kazi. Apolonia alikata simu. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini halikumtuliza.

Tawi lenye damu lilipokwisha kufungwa kama kielelezo na kuwekwa garini, aliweka jingine mahali pake, akaingia ngitili peke yake. Nyasi zilimfika kiunoni. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo tangu akiwa na miaka minane Apolonia ndiye aliyechunga. Alimkumbuka Shilima, dume jekundu lililokuwa likimfuata kama mbwa. Aliikumbuka harufu ya udongo mvua ya kwanza inapogusa vumbi la Oktoba, na viazi vilivyochomwa kwenye majivu na kuliwa na maganda yake. Siku moja tu alisahau kuziba pengo. Ng'ombe wa majirani waliingia, wakala nyasi za miezi miwili kwa alasiri moja. Baba alimchapa viboko vitatu. Kisha, jioni, akamkatia kipande kikubwa cha nyama kuliko chake. Tangu siku hiyo mikono yake ilijifunza. Alipotoka sasa, alikuta ameshalivuta tawi na kulirudisha mahali pake kabla hajawaza kulivuta.

Alisimama akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Boaz," aliita. "Nadhani najua kwa nini alifunga."

Mtu wa kwanza waliyemhoji alikuwa Eustace, mchimbaji aliyekuwa amemtishia Ansgar hadharani. Walimkuta kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, uso mweupe kwa vumbi.

"Wewe ndiye Eustace?"

"Ndimi, mama. Kama mmefuata dhahabu, leo hakuna. Kama mmefuata vumbi, choteni."

"Jumamosi mkutanoni ulimwambia Ansgar kwamba atazikwa na baiskeli yake."

"Nilisema. Hata mke wangu namwambia atazikwa na sufuria zake, na bado ananipikia."

Boaz alikohoa kuficha kicheko.

"Jana saa kumi jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Mkanda wa karasha ulikatika. Waulize watu kumi na mmoja walionitukana mpaka giza likaingia." Kisha uso wake ukabadilika. "Mama, yule kijana tulizozana, lakini alinifundisha kusoma ramani. Sikumgusa."

Luka, kiongozi wa vijana wa baiskeli, alikuwa amekaa nje ya kibanda chake cha mafundi huku akizungusha pedeli ya baiskeli iliyopinduliwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mligombana?" Apolonia aliuliza.

"Kila siku, shangazi. Mimi nilitaka njia ipite mlimani juu kabisa. Yeye akasema tutawavunja watu shingo."

"Jana?"

"Jana nilibeba abiria wawili kwa pikipiki kwenda Kolandoto hospitali. Nimerudi leo alfajiri. Kama ningekuwa naye..."

Apolonia aliwapeleka wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka kwenye uzio. Tawi aliloliweka badala ya kielelezo lilikuwa bado pengoni. Aliwaomba wamwonyeshe upande ambao vigingi vilitarajiwa kuelekea. Eustace alilisukuma tawi kwa buti, akapita, akaliacha. Luka alilinyanyua kwa tahadhari, akapita, likamponyoka katikati ya njia, naye hakugeuka.

Ilipokaribia saa tisa, mzee alitokea upande wa pili wa ngitili, akitembea polepole kati ya nyasi. Apolonia alimtambua kwa mabega kabla hajauona uso wake. Alikuwa Maganga, jirani na rafiki wa baba yake, ambaye kwa miaka kumi na moja tangu baba afariki alikuwa ameitunza ngitili hiyo kama yake.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Nimesikia umekuja, nikasema haiwezekani aondoke bila kunisalimu." Alilisogeza tawi, akatoka. "Umekonda. Huko mjini hawali ugali? Mama yako angekuona angelia." Na huku akisema hayo, bila kulitazama, alilishika tawi tena, akalizungusha na kuziba pengo, miiba ikatokeza kule inakopaswa kutokeza.

Boaz alimtazama inspekta wake. Apolonia hakumtazama Boaz. Alikuwa anaitazama fimbo ya mzee: kijiti kibichi, gamba halijakauka.

"Fimbo yako ya mpingo iko wapi, Baba Kulwa?"

"Imevunjika."

"Lini?"

Upepo ulipita kwenye nyasi, ukaziinamisha, ukaziacha.

"Lini, baba?"

"Jana."

Apolonia aliyakumbuka mabega yale yakimbeba kuvuka mto uliofurika, yeye akiwa na daftari la shule kichwani. Kisha alivua kofia yake, akaivaa tena vizuri, na sauti yake ikawa ya kazi.

"Maganga, kuanzia sasa siongei nawe kama mwanao. Naongea kama askari. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mwambie kijana aandike. Jana usiku sikulala kwa kulibeba jambo hili."

Walikaa juu ya mawe ndani ya mahame, hatua chache kutoka pale Ansgar alipokutwa. Boaz aliandika.

"Ulimkuta akifanya nini?"

"Akipigilia kigingi. Pale." Mzee alionyesha kwa kidevu. "Nikamwambia, mjukuu wangu, ng'oa. Akasema hapa ndipo wageni watakapopumzikia, watajengewa na choo."

"Na pale pana nini?"

"Pale palikuwa zizi letu. Baba yangu amelala hapo. Tulimzika zizini, ndani ya ngozi ya dume lake, kama wakuu wa miji, yaani wa kaya, walivyozikwa zamani. Ng'ombe wakapita juu yake mpaka ardhi ikawa sawa. Hakuna jiwe, hakuna msalaba. Operesheni Vijiji ikatuhamisha, tukaliacha zizi, minyaa ikabaki. Ndugu zangu wote wamekufa. Ninayejua ni mimi tu."

Apolonia aliitazama minyaa ile aliyokuwa akicheza chini yake utotoni, asijue ilikuwa uzio wa nini.

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Niseme mbele ya nani? Tangu rashi ya kwanza, watu walipokimbilia dhahabu, watu wamechimba mpaka chini ya vyoo vyao. Wakisikia mkuu wa mji kazikwa pale, watasema kazikwa na mali. Wiki haiishi utakuta mifupa yake imetupwa kwenye kifusi. Mkutanoni nilisema tu, pale ni kwetu, pitisheni pengine. Wakacheka. Wakasema mzee analilia majani."

"Ungenipigia simu mimi."

Maganga alimgeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Apolonia zaidi.

"Wewe? Njia ilikuwa ipite kwako, ukakataa. Nami nilifurahi, maana nimeitunza ngitili ile mpaka ndege wake wamerudi. Jana ndipo Ansgar aliponiambia: babu, kwa kuwa binti Nkwabi amekataa, pengine hakuna, ni hapa. Sikujua kwamba kwako ikikatazwa itahamia juu ya baba."

Kalamu ya Boaz ilisimama.

"Andika," Apolonia alisema. "Andika kama alivyosema. Ikawaje?"

"Akainua nyundo kupiga tena. Nami nikampiga, akakinga kwa mkono mwingine. Fimbo ikakatika. Akarudi nyuma, kisigino kikajikwaa kwenye kigingi hicho hicho. Nikasikia kichwa kikigonga jiwe. Nikampakata, nikamwita jina. Viganja vikajaa damu. Hakuitika." Mzee alifunga macho. "Alikuwa mtoto mzuri. Alikuwa akinisalimu kila asubuhi, mwangaluka babu, hata siku tulizogombana. Ningepaswa kupiga kelele watu waje. Nikaogopa. Nikaokota vipande vya fimbo, nikaenda nyumbani."

"Ukaziba pengo."

Alifumbua macho, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Niliziba? Sikumbuki."

Saa kumi na moja jioni watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Maganga alikuwa amekaa ndani ya gari la polisi, pingu zikiwa zimefunikwa kwa shuka yake. Boaz ndiye aliyezifunika. Wazee watatu walimfuata Apolonia mlangoni.

"Mwanetu," mmoja alisema, "wewe ni wa hapa. Aliteleza, hakukusudia. Tuachie tumalize kimila. Ng'ombe wa kumlilia marehemu tutawatoa, na ukoo utapatana."

"Mwanangu hajawa ng'ombe," sauti ilisema nyuma yao. Alikuwa Justina, mama yake Ansgar. Hakulia. Alisimama wima, kanga yake ikiwa imefungwa kiunoni kama mtu aliyeacha kazi katikati. "Apolonia. Tulikaa dawati moja darasa la tatu. Niambie kwa nini mzee huyu alimpiga mwanangu."

"Atasema mwenyewe mbele ya hakimu, nawe utakuwa umekaa mbele kabisa. Leo, hapa hadharani, siwezi. Lakini sehemu yangu naweza kukwambia." Apolonia alivuta pumzi. Umati ulitulia. "Ansgar aliniomba kwanza mimi. Nilikataa bila kuja kuona, bila kuuliza njia itakwenda wapi nikikataa. Nilikuwa nalinda kumbukumbu zangu. Nisamehe, Justina."

Justina alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akakaza fundo la kanga yake. Luka, aliyekuwa ameishika baiskeli ya Ansgar kwa mikono miwili, aliuliza kwa sauti ya chini:

"Na sasa itakuwaje, shangazi?"

Apolonia alipanda ngazi moja ili wa nyuma pia wamsikie.

"Mzee Maganga naondoka naye sasa hivi kwenda kituoni, shauri hili halitaishia kijijini. Jalada nitamkabidhi mpelelezi mwingine usiku huu, kwa sababu mimi ni shahidi, na nitasimama kizimbani kusema yote niliyowaambia hapa. Pale kwenye mahame hapatapigiliwa kigingi tena. Njia, kama bado mnaitaka, ipite kwenye ngitili ya baba yangu. Karatasi ya ridhaa nimeiandika, nimetia saini, na mwenyekiti anayo."