Oluoch na Mchango wa Matanga

Oluoch ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha katika kijiji cha Raila, Kibera. Watu humwamini. Kwa hivyo mama mkwe wake alipofariki, jamaa walikubaliana michango yote itumwe kwa simu ya Oluoch. Pesa hizo zilikuwa za kusafirisha mwili hadi nyumbani, Siaya.

Jumamosi, rafiki yake Ojwang alimpitia kazini.

"Pole kwa msiba, ndugu yangu," alisema Ojwang. "Twende nikununulie moja upunguze mawazo."

Kwenye baa walikuwa wanaonyesha mpira. Oluoch alikunywa chupa ya kwanza, akatulia. Baada ya chupa kadhaa alitoa simu, akaweka beti ndogo, akibashiri timu itakayoshinda kwa pesa iliyokuwa kwenye simu. Akapoteza. Akaagiza pombe nyingine, akaweka beti kubwa ili arudishe iliyopotea. Wakati huo hakukumbuka tena kwamba pesa ile haikuwa yake.

Asubuhi alifungua simu. Mchango wote ulikuwa umeisha.

Mkewe, Audrey, mama wa binti yao Whitney, alikuwa akikunja nguo za safari.

"Mama Whitney," Oluoch alimwambia, "nimebeti pesa ya mazishi."

Audrey aliketi kitandani. Hakulia wala hakumtukana.

"Mama bado yuko mochari," alisema. "Watu wa nyumbani nitawaambia nini?"

Siku hiyo Oluoch aliuza mashine yake ya kuchomelea. Pesa hiyo ikamsafirisha mama, akazikwa. Lakini kaburini Audrey alisimama mbali naye, na kwenye basi la kurudi Nairobi aliketi kiti kingine.

Jirani yao Filister alikuja kuwaona. Yeye ni mhudumu wa afya ya jamii.

"Mimi nimeacha kubeti," Oluoch alimwambia. "Nimefuta kila kitu kwa simu. Pombe nitakunywa, lakini kidogo. Pombe haijanikosea."

"Hebu nikuulize," Filister alisema. "Ukiwa hujakunywa, huwa unabeti?"

"Mara moja moja. Pesa ya soda tu."

"Na zile siku umepoteza nyingi?"

Oluoch aliangalia chini. "Nilikuwa nimelewa. Siku zote hizo."

"Pombe hulegeza breki za akili," Filister alieleza. "Ukishakunywa, unaona utashinda tu. Hasara huioni. Ukipoteza, uchungu unakurudisha kwa chupa, na chupa inakurudisha kwa beti. Ukiacha moja ubaki na nyingine, ni rahisi kurudia zote."

"Basi naacha zote leo."

"Beti acha leo. Lakini pombe, wewe unakunywa karibu kila siku. Ukiikata ghafla unaweza kuugua vibaya, hata kupata kifafa. Twende kliniki kwanza."

"Na mimi nifanye nini?" Audrey aliuliza.

"Hili si kosa lako, na huwezi kumchunga kama mtoto. Lakini akikubali, pesa ikae kwako kwa sasa. Na akishikwa na hamu, asikae peke yake."

Kliniki walimpa Oluoch dawa na mshauri wa kuongea naye. Alijiunga na kikundi cha watu wanaoacha pombe. Aliiomba kampuni ya beti ifunge akaunti yake. Kwa kuwa hakuwa na mashine, alifanya kibarua kwa fundi mwingine huko Gatina, Kawangware. Haikuwa rahisi. Kuna siku alikunywa tena. Kesho yake alirudi kwa mshauri, akasema ukweli, akaanza upya.

Jumamosi moja kulikuwa na fainali ya mpira. Oluoch alimpigia Audrey simu.

"Mama Whitney, niko karibu na baa. Hamu imenishika sana. Unaweza kuja?"

Audrey alifunga kibanda chake cha mboga, akapanda boda boda hadi Gatina. Walikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, wakinywa chai. Ndani ya baa watu walishangilia bao. Oluoch aligeuka kuangalia mlango wa baa. Audrey akamshika mikono. Tangu mazishi, hakuwa amemgusa.

Walikunywa chai hadi mpira ukaisha. Baadaye watu walianza kutoka baa, wengine wakiimba, wengine wameinamia simu zao.

"Nani ameshinda?" Audrey aliuliza.

"Sijui," Oluoch alisema. "Twende nyumbani."