Kaburi Lisilokuwa Kwenye Ramani

Winfrida alikuwa akimenya ndizi jikoni kwake Bulyaga aliposikia brashi ikisugua ukuta wa mbele. Alitoka na kisu mkononi. Msichana aliyevaa buti za mvua alikuwa akiandika namba ukutani. Rangi ilikuwa nyekundu.

Rangi nyekundu aliijua. Aliwahi kuona nyumba za kando ya barabara zikichorwa alama ya X, kisha zikavunjwa.

"Shikamoo mama. Naitwa Tupokigwe. Nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Tuko wanafunzi sita kwenye mafunzo ya kupanga mitaa pamoja na wananchi. Tutakaa huku miezi mitatu, tuchore ramani ya mtaa wenu."

"Marahaba. Na kubomoa mnaanza lini?"

Tupokigwe akacheka. "Hatubomoi, mama. Hii ni namba ya nyumba tu. Kesho tutapita kuandika vilivyomo: choo, kisima, njia, makaburi."

Kicheko kile ndicho kilichoharibu. Mtu mwenye hofu ukimcheka, hakusikii tena. Winfrida alisikia neno moja tu: makaburi.

Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, alilala mumewe Hosea. Alizikwa nyumbani, kama watu wengi wa huko. Kila asubuhi Winfrida alipita pale kwenda kukata ndizi, akamsalimia. Sasa akawaza: wakiliandika kaburi, watalihamisha. Watamfukua mume wangu.

Mchana huohuo aling'oa msalaba, akauficha uvunguni. Akatandaza majani makavu ya migomba juu ya kaburi, akapanda na magimbi. Alimwomba Hosea msamaha kwa Kinyakyusa, kwa sauti ndogo.

Kesho yake Tupokigwe alirudi na daftari.

"Huku nyuma kuna nini, mama?"

"Shamba."

"Hakuna kingine?"

"Nimesema shamba!"

Tupokigwe akaandika shamba.

Wiki mbili zilipita. Siku moja Sauda, jirani yake wa nyuma mwenye duka la vitenge, alimjia mbio.

"Jirani, ramani imebandikwa ofisi ya mtaa. Barabara inapita kwako!"

Walikwenda pamoja. Winfrida alitafuta namba yake, arobaini na saba, akaiona. Mistari miwili ilikata migomba yake katikati. Ilipita palepale alipolala Hosea. Aliweka kidole juu ya mistari ile, hakukiondoa.

"Una nini?" Sauda aliuliza.

Winfrida akamnong'oneza yote. Sauda alishika mdomo.

"Umewaambia ni shamba, nao wamepitisha barabara shambani. Ulitaka wajue vipi?"

"Nikisema nilidanganya, watanifunga."

"Na usiposema?"

Sauda akamwonyesha neno lililoandikwa juu ya karatasi.

"Hii ni rasimu. Maana yake haijapitishwa. Jumamosi kuna mkutano. Kila mtu ataonyesha palipokosewa, parekebishwe, ndipo ramani iende halmashauri. Ikishapitishwa, kuibadilisha ni kazi kubwa."

"Wewe umejuaje hayo?"

"Niliuliza! Kabla hawajagusa ukuta wangu niliomba vitambulisho na barua. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanithibitishia. Wewe uliwauliza nini?"

"Wanabomoa lini."

Siku tatu Winfrida hakula sawasawa. Alipopita kwenye migomba, alishindwa hata kusalimia.

Jumamosi alikaa mwisho kabisa mkutanoni. Watu walisimama, wakasema. Mmoja alisahauliwa choo, mwingine njia ya kwenda mtoni. Winfrida aliinua mkono, akaushusha. Akainua tena, akaushusha.

"Kama hakuna mwingine, tufunge," alisema mwenyekiti.

"Namba arobaini na saba!" Winfrida alijikuta amesimama. "Lile si shamba. Nilidanganya. Pale kuna mume wangu."

Alisubiri kukamatwa.

Tupokigwe akaweka kalamu chini. "Kosa ni langu pia, mama. Uliniuliza swali kwa hofu, nami nikacheka. Ilinipasa kukueleza vizuri. Twende ukatuonyeshe."

Waliongozana hadi nyumbani. Winfrida mwenyewe aling'oa magimbi, akaondoa majani. Tuta la udongo likaonekana. Wanafunzi wakapima kwa kamba. Barabara ilitakiwa, maana gari la wagonjwa halikuwa na pa kupita. Lakini ipite wapi?

"Ipite upande wangu," alisema Sauda. "Ua wangu wa michongoma unasogezeka. Hosea hasogei."

Tupokigwe akafuta mistari, akaichora upya kando ya ua. Pale kwenye migomba akaweka alama ya kaburi. Winfrida na Sauda wakaitazama ramani, wakakubali, wakatia saini.

"Ndaga fijo," Winfrida alimshukuru jirani yake huku machozi yakimtoka.

Kisha akaingia ndani. Alitoka na msalaba, akaufuta vumbi kwa kanga, akausimamisha mahali pake.

"Mwanangu Tupokigwe, ulipokuja mara ya kwanza sikukutambulisha kwa mwenye nyumba. Huyu ndiye Hosea."

Tupokigwe akavua kofia, akainama kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba," akaitikia Winfrida kwa niaba yake.