Nyumba Iliyotangulia Idjwi

Sogeeni karibu, nyinyi wa mtaa wa Majengo hapa Goma, na nyinyi wa mitaa mingine mnaojifanya hamjui habari za Majengo. Nawaletea kisa cha Habarurema, muuza jibini, mume wa Athanasie. Msimcheke haraka. Mchekeni polepole, maana katikati ya kicheko kuna mmoja wenu atajiona.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, mwaka ule wa 2012. Mvua ilikuwa imepita, jua limetulia, watu wametoka ibadani na nguo zao nzuri bado mwilini. Athanasie alikuwa anapakua maharage na ndizi. Binti yao Igihozo alikuwa anarudia wimbo wa kwaya, akipiga mapigo yake juu ya sufuria. Habarurema alikuwa amekaa uani, akikata kipande cha jibini la milima ya Masisi ili aone kama limekomaa, uchunguzi alioufanya mara nyingi kuliko biashara ilivyohitaji. Amani tupu. Hata kuku walitembea kama wako likizo.

"Papa Igihozo," Athanasie alisema bila kugeuka, "usiegemee ukuta."

"Sijaegemea."

"Unafikiria kuegemea."

Hapa lazima niwaeleze habari za ukuta huo, la sivyo hamtaelewa kitu.

Mnakumbuka Januari ya 2002, volkano ya Nyiragongo ilipotema moto ukashuka mpaka mjini. Habarurema alikuwa na nyumba nzuri wakati huo, nyumba ya mbao nene, na salon ya kupokelea wageni yenye viti vya vitambaa. Moto ulipokaribia alipiga magoti mbele ya mlango, akaomba kwa sauti iliyosikika mtaa wa pili: "Bwana, geuza huu moto!" Moto haukugeuka. Uliingia salon bila kubisha hodi, ukakaa kwenye viti vyote kwa pamoja. Familia ilikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na sufuria moja, Igihozo akiwa mgongoni kwa mama yake. Wote watatu walipona. Athanasie alilia, halafu akamshukuru Mungu kwa uhai wao. Habarurema naye alisema "Amina," lakini ilikuwa amina ya mdomoni. Moyoni alisema: mara ya pili nitajitunza mwenyewe.

Basi waliporudi alijenga nyumba nyingine ya mbao juu ya mawe yaleyale ya volkano, na sakafu ya saruji. Lakini kila msumari aliupiga nusu. Nusu! Kichwa cha msumari kilibaki nje kama jicho la chura. "Musumari ikiingia yote, kuitoa ni kazi," alieleza. "Volkano haingoje. Waasi nabo habangoje." Nyumba hiyo ingeweza kubomolewa na kufungwa kamba kabla maharage hayajachemka. Na alibomoa kweli! Kila uvumi ulipopita, Habarurema alinyofoa misumari. Uvumi ukifa, alirudishia. Kila mara ubao mmoja ulipasuka, mwingine ulipotea, na nyumba ikarudi ndogo kuliko ilivyoondoka. Jiko lilikwisha. Dirisha likahamia mahali ambapo jirani alikuwa anawaona wakila.

Siku moja Mama Perpétue, kiongozi wa maombi ya akina mama, mwanamke aliyejaliwa uzito wa heshima, aliegemea ukuta huo akiwa amefumba macho katikati ya maombi. Ukuta ulimpa njia. Alitoka nje mzimamzima, na kwa kuwa ni mwanamke wa imani, alimalizia maombi akiwa chali juu ya ubao na kusema amina akiwa uani.

Na imani ya Habarurema ilikuwa imepigwa misumari namna hiyohiyo. Ibadani alikaa, ndiyo. Aliimba, ndiyo. Lakini alimpa Mungu nusu msumari, ili siku mambo yakiharibika aweze kujinyofoa upesi.

Turudi Jumapili yetu. Maharage yalikuwa bado ya moto Kamate, mchukuzi wa mtaa, alipofika mbio akisukuma chukudu lake, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaobeba kila kitu Goma isipokuwa aibu.

"Muzee! Kijiji ya Kibati yote inashuka! Batu banakuja na magodoro ku kichwa. Wanasema waasi bako nyuma yabo."

Habarurema alisimama. Jibini lilianguka na hakulitazama, na kwa anayemfahamu, hiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko bunduki.

"Kamate, chukudu yako iko na kazi?"

"Sasa iko nayo," Kamate alisema, akiangalia ukuta kwa huruma.

Basi mvua ya misumari ikaanza. Tik, tik, tik, ikadondoka kwenye kopo. Igihozo alikuwa na sahani mkononi. Alipoinua kijiko, ukuta wa nyuma ulikuwa umekwenda. Alipomeza, paa nalo lilikuwa linashuka.

"Papa, ngoja nimalize kula."

"Utamalizia Idjwi."

"Idjwi?" Athanasie aliuliza.

"Idjwi, Mama Igihozo! Nimefikiria sana. Ni kisiwa. Volkano haiwezi kuvuka maji. Na waasi, umeona mwasi akiogelea na bunduki?"

Athanasie aliweka mwiko chini. Alikuwa amesimama katikati ya sakafu, na kuta zilikuwa zinaondoka pande zote kama wageni baada ya karamu.

"Miaka kumi nimebeba mbao zako," alisema. "Leo sibebe hata moja. Batu ba Kibati banafika hapa na watoto, na mvua itarudi. Nani atawapokea? Na maombi ya kesho asubuhi iko kwangu."

"Kwako wapi? Nyumba haiko!"

"Nyumba iko. Weye unabeba mbao."

"Athanasie." Sasa hakuwa anapiga kelele. "Ile siku niliomba. Ulinisikia. Niliomba mpaka sauti ikakatika. Na moto ukapita palepale penye nilikuwa nimepiga magoti. Mungu alifanya nini?"

Kamate alijifanya anakaza kamba.

"Alikuwa nasi njia yote ya Gisenyi," Athanasie alisema. "Mimi sikumuomba mbao. Nilimuomba asituache, na hakutuacha. Weye ulimukasirikia, na haujawahi kumuambia."

Habarurema alifungua mlango kutoka kwenye fremu yake, na kwa kuwa chukudu lilikuwa limejaa, akauweka kichwani.

"Natangulia kupanga nyumba. Mutanifuata."

"Hatukufuate," Igihozo alisema, machozi yakimtoka. Kwa mara ya kwanza Habarurema alisikia kwamba huenda anaondoka kweli, yeye peke yake, na kwamba nyumba nzima juu ya chukudu haikuwa na mtu wa kulala ndani yake. Lakini woga ukimshika mtu miguu, masikio hayafanyi kazi. Akaondoka.

Kituku, kwenye bandari ya ziwani, palikuwa hapatazamiki. Watu, mbuzi, magunia ya makaa na mitumbwi vilisukumana, na kila mtu alimwita mwenye boti "ndugu yangu." Kamate alitumia mabega na matusi madogomadogo, mbao zikaingia kwenye boti la Idjwi. Mabati yakaingia. Kopo la misumari likaingia. Habarurema akanyanyua mguu apande, mlango ukiwa kichwani.

"Hapana," alisema mwenye boti, mtu mmoja mrefu aitwaye Mulumeoderhwa. "Mulango haipande."

"Namna gani haipande? Ni wa nyumba hiyo!"

"Nyumba imelala. Mulango umesimama. Utachukua nafasi ya batu wane."

"Nitaulaza."

"Juu ya nani? Juu ya ule mama?"

Mama aliyetajwa alisema kwamba hakuna mlango utakaolala juu yake. Habarurema alieleza kwamba nyumba bila mlango ni kibanda. Mulumeoderhwa alieleza kwamba boti pamoja na mlango ni jeneza. Wakiwa katika mjadala huo wa busara, bunduki zikalia kwa mbali upande wa uwanja wa ndege. Umati ulisukuma, boti likajisukuma, na injini ikakohoa ikawaka.

Habarurema alisimama ndani ya maji hadi magotini, mlango kichwani, akiangalia kuta zake nne, paa lake na miaka yake kumi ya tahadhari vikielekea Idjwi.

"Muzee," Kamate alisema taratibu, "nyumba yako inaenda bila weye."

"Naona."

"Inaenda vizuri. Haiyumbe."

Kamate akageuza chukudu lake, maana na yeye ana watoto. Habarurema akabaki. Ndugu msomaji, pima mwenyewe: mtu aliyejipanga kukimbia miaka kumi, siku ya kukimbia yenyewe, vyombo vyake vimekimbia na yeye kaachwa. Hakuwa na kitu kingine cha kunyofoa. Hapo majini midomo yake ilifunguka, ikasema maneno yaliyokuwa yameoza tumboni tangu mwaka wa volkano: "Bwana, nilikukasirikia. Bado nimekasirika kidogo. Lakini sina pa kwenda pengine. Watunze bale babili mpaka nifike."

Ombi hilo halikuwa na ufundi. Mama Perpétue angelisahihisha. Lakini lilikuwa la kwanza kwa muda mrefu lililopigwa hadi mwisho.

Watu walikuwa wanakimbilia mji wa Sake. Miguu yake ilielekea Majengo. Mvua ilirudi. Alitembea chini ya mlango wake kama chini ya mwavuli, akipishana na umati, na mtu mmoja akampigia kelele: "Papa, nyumba yenyewe iko wapi?" Alikuwa anafikiria sakafu tupu, na mke, na mtoto, na risasi, na hapakuwa na mlima wa kutosha kubeba woga wake. Ila safari hii woga ulikuwa unamkimbiza kurudi nyumbani.

Alipofika, alisimama.

Sakafu ilikuwa imejaa. Turubai moja lilikuwa limefungwa kwenye miti ya pembeni. Chini yake walikaa watu wa Kibati: akina mama na watoto, na mzee mmoja, Nsengimana, pamoja na mbuzi wake. Mama Perpétue alikuwa katikati, Biblia mkononi, safari hii hajaegemea chochote. Igihozo alikuwa anagawa maharage. Na Athanasie alikuwa anaendesha mambo kama mwenye jumba: "Salon imejaa, mama, ingia chumbani. Hapana, pale ni jikoni. Chumba iko hapa." Na watu walitii! Walikunja kona pasipokuwa na kona.

Habarurema alivuka moja kwa moja kumkimbilia mkewe.

"Eh! Eh!" Athanasie alimnyoshea mwiko. "Unapita mu ukuta!"

Habarurema alirudi nyuma hatua moja, akatazama hewa.

"Mbona mbuzi amepita?"

"Mbuzi ni mugeni. Weye ni mwenye nyumba. Pita mu mulango."

"Mulango uko wapi?"

Watoto wa Kibati walianza kucheka kabla ya wakubwa, maana kila mtu aliuona mlango isipokuwa aliyeubeba. Hata mzee Nsengimana, aliyeacha shamba lake lote nyuma, alishika mbavu.

Habarurema aliushusha mlango, akausimamisha mahali pake, akaushikilia kwa mikono miwili, akiwa upande wa nje. Mvua ilimpiga mgongoni. Akabisha.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi wengi wanapita leo. Mimi nani?"

Watu walidhani atatania. Hakutania.

"Ni mutu mwenye alimukimbia Mungu akisema anakimbia volkano," alisema nyuma ya ubao. "Nimechoka, Athanasie. Nyumba imepotea, yote. Nimebaki na hii tu. Nifungulie."

Angeweza kuzunguka. Athanasie naye angeweza kuzunguka. Lakini alikuja taratibu, akashika ubao kwa upande wake, akaufungua kwa heshima zote kama unavyofungulia mgeni mkubwa, akamwona mumewe amelowa na anatetemeka.

"Karibu kwako," alisema. "Ingia, tuko mu maombi."

Akaingia, akapiga magoti kati ya mbuzi na Mama Perpétue. Igihozo akamsogelea akaweka kichwa begani kwake. Waasi waliingia mjini siku hizohizo, na zilikuwa siku za kushika pumzi, siwezi kuzichekesha. Watu waliokuwa juu ya sakafu ile walivumilia kwa maharage machache, nyimbo za chinichini na jibini lote la Habarurema, ambalo mwenyewe aliligawa bila kulichunguza.

Mji ulipotulia, waumini walikuja, huyu na ubao, yule na bati lililotoboka, na nyumba ikasimama tena, ya rangi nyingi kama shati la msanii. Athanasie alichukua nyundo mwenyewe. Kila msumari aliupiga mpaka kichwa kikazama. Habarurema alikuwa anafumba macho kila pigo, lakini alikuwa anashikilia ubao.

"Na volkano ikirudi?" alimuuliza.

"Tutakimbia. Tutaacha mbao."

Kuhusu zile mbao za Idjwi, inasemekana kuna mtu huko anafuga sungura ndani ya salon ya Habarurema, na kwamba sungura hao hawaruhusiwi kuegemea ukuta.

FUNDISHO

Ndugu zangu, sisemi mtu asikimbie. Mlima ukitema moto, kimbia. Mimi mwenyewe nitakupita njiani. Bunduki zikilia, ficha watoto. Mungu hajakasirishwa na miguu yenye akili.

Ninasema juu ya moyo. Wengi wetu tuliomba ile siku, na moto ukapita palepale. Basi tukaamua kumpenda Mungu kwa tahadhari, na kila taabu inapokuja tunaanza kunyofoa: kwanza maombi, kisha ibada, kisha mke na watoto. Mwisho tunabaki tumesimama majini. Kama una hasira na Mungu, mwambie. Mwambie kwa sauti, hata kama maneno ni mabaya. Yeye hatakufungia mlango. Lakini usimwache. Hakutuahidi kwamba ukuta hautaanguka. Alituahidi kwamba ukianguka, tutamkuta yuko ndani, anapokea wageni.