Sauti Tatu za Sada

Jumatatu, saa saba na dakika arobaini mchana, Sada alimwamkia dada yake kwa sauti tatu.

"Shikamoo dada," alisema kutoka chumbani. Sauti ya kwanza ilimwigiza yeye, lakini haikuwa yake. Mbili zilizofuata zilikuwa nene, moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mmoja.

Mwanne aliiacha kanga aliyokuwa akiikunja. Alinusa udi. Nyumba ile ya Kisarawe, aliyoachiwa na mama yake, haikuwa na chetezo.

Wiki tatu kabla, huko Kurui, mganga Bi Maulida alimtoa Sada jini aliyekuwa amemkalia tangu Ramadhani. Siku ya kumpunga, simu za watu wote zilitiwa kapuni na kapu likapelekwa nje. Jini alikuwa na sharti moja: atalitaja jina lake na kula kiapo cha kutorudi wala kulitaja tena, na maneno yale yabaki mle ndani. Alilitaja, akaapa, akatoka. Sada akarudi kula, kucheka, na kufundisha watoto wake wa chekechea.

Ashrafu, mume wa Mwanne, alikuwa barazani na simu yake mpya. Alikuwa likizo, kazi yake ilikuwa Kibaha.

"Kurui ulikwenda na simu ngapi?" Mwanne alimwuliza.

"Swali gani hilo?"

"Ngapi, Ashrafu?"

"Mbili. Ile ndogo ilikuwa kwenye soksi. Mke wangu, nilitaka kumbukumbu tu."

Akaeleza, macho chini. Jumamosi alinunua simu mpya. Alipakua programu ya kunakili mafaili, akalaza simu mbili mezani, na vyote vya ile ndogo vikaingia kwenye mpya: picha za harusi, risiti za luku, na dakika kumi na moja za Kurui. Jumapili akamrushia Laurean, mwenzake wa ofisini, ile ya Kurui. Rekodi zilikuwa tatu.

"Nimekopi tu," alisema. "Kukopi si kuiba. Ya kwanza iko palepale."

"Ndiyo maana."

Sada alikuwa amesimama mlangoni. Midomo yake haikuwa ikifuatana na maneno.

"Nilitoka mmoja. Huyu amenifanya watatu. Sote tuna njaa, na kiti ni kimoja."

Ashrafu aliinuka akaangusha stuli. Mwanne hakupiga kelele. Alimtazama mumewe kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

"Mdogo wangu alilala chini miezi miwili," alisema. "Wewe umemgeuza sinema."

Bi Maulida, aliyepigiwa simu na Mwanne, alifika na bodaboda saa kumi.

"Shikamoo bibi," Mwanne alisema.

"Marahaba. Nani kaharibu kapu langu?"

Ashrafu akanyoosha simu. Bibi akaisukuma kwa ncha ya fimbo.

"Mimi fundi simu? Aliyezaa ndiye atakayezika. Futa mwenyewe."

Ashrafu aliifuta rekodi kwenye simu ndogo. Chumbani sauti moja ikakatika. Alifuta kwenye mpya, mara mbili, maana vidole vilikuwa vikiteleza kwa jasho. Ya pili ikakatika. Kisha akampigia Laurean, spika wazi.

"Kaka, hiyo kitu kali!" Laurean alicheka. "Nimewasikilizisha ofisi nzima. Nifute ya nini?"

"Shemeji, futa," Mwanne alisema.

"Shem, na wewe unaogopa? Jini wa kwenye... Ngoja. Nani kawasha udi humu?"

Hakucheka tena, na waliokaa Kisarawe walisikia kiti kikiburutwa Kibaha, na mlango ukigongwa kwa ndani, na Laurean akisema nafuta, nafuta, nimeshafuta, na nyuma yake ile sauti nene ikilitaja jina ililoapa kutolitaja tena, taratibu, herufi kwa herufi, huku Sada naye chumbani akilitaja pamoja nayo, mpaka simu ya Kibaha ikazimika na sauti ikabaki upande huu peke yake.

"Moja bado," Mwanne alinong'ona. "Bibi, mafaili yote yameisha."

"Huyo ndiye mwenyewe. Kiapo chake amevunjiwa, mwanangu. Sina tena pa kumshikia." Bi Maulida aliteremsha sauti. "Hatoki bure. Anataka kiti kingine, mtu wa kumkalia, na kiti hutolewa na mwenye nyumba."

Ashrafu alielewa kabla ya mkewe.

"Mwanne. Mimi ni mumeo."

"Na Sada alikuwa nani yako, ulipomficha kwenye soksi?"

"Nimekosa. Nimeshakosa, basi. Nihurumie."

Chumbani Sada alianza kugonga kichwa ukutani, pole pole, bila kulia. Mwanne alihesabu mapigo manne. La tano lilitoa damu.

"Bibi, mwambie," alisema. "Aliyemleta yuko barazani."

"Una hakika?"

"Mwambie."

Bi Maulida aliingia chumbani, akafunga mlango. Ashrafu alikimbia hadi getini. Hakulifungua. Alisimama pale, mkono kwenye komeo, kisha akarudi mwenyewe akaketi.

Saa kumi na moja na dakika ishirini Sada aliomba maji, kwa sauti yake. Mwanne alimnywesha, akamfunga jeraha.

Saa kumi na mbili kasoro robo, Bi Maulida alimwita Ashrafu kwa jina lake mara saba. Hakuitika kwa jina hilo.