Ukurasa Usio na Mwenyewe

Jambo lenyewe lilianza dogo, la kupuuzwa. Saa nne asubuhi Fundi alifuta ukurasa mmoja wa kumbukumbu ya mashine, akausoma tena, akakuta haujafutika.

Karakana nzima walimwita Fundi, ingawa kushika bisibisi hakujua. Aliandika kiini, yaani ile programu inayoamka kabla ya nyingine zote mashine inapowashwa. Kiini kikiamka hujifanya kama mwenye nyumba za kupangisha: kinapita kwenye kumbukumbu, kinaigawa kurasa kurasa, kinaandika ukurasa gani una mtu na upi mtupu. Kikikosea hapo, skrini inabaki nyeusi, na ukiapiza utajichosha bure.

Mashine zenyewe hazikuwa za mchezo. Zilikuwa za kuwapumulia wagonjwa, na moja ilikaa nyumbani kwao, kando ya kitanda cha baba yake. Mwezi ule umeme ulikatika mara mbili, ukarudi, na mara zote mbili mashine iligoma kuamka. Mara ya pili mama yake alimpulizia mumewe hewa kwa mfuko wa kubana kwa mkono dakika tisa, huku analia. Mara ya tatu baba asingeiweza, na Fundi alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana karakanani alikuwa anaichunguza nyingine ya aina ileile, nayo ilikwama kwenye ukurasa uleule usiofutika.

"Hii ya mezani niliichomoa umeme jana, ikalala hivyo hadi asubuhi hii," alisema Babu Waya, mzee wa saketi. "Ikikosa umeme inasahau kila kitu. Sasa imekumbuka nini?"

Fundi akamwonyesha. Zilikuwa namba tu, zikipanda na kushuka, zikipanda na kushuka.

"Hizo ni pumzi," Babu Waya alinong'ona.

"Za nani? Hii haijawahi kuvalishwa mtu."

Hapo ndipo ilipoingia harufu ya nywele zilizoungua. Babu Waya akachomoa mashine tena, akaushika ule waya mkononi ili wote wauone, na wakiwa wamesimama hivyo, jua linawaka dirishani na watu wanacheka chumba cha pili, mashine isiyo na umeme ikavuta pumzi, taratibu, ndefu, ya mtu aliyechoka, ikaishikilia, kisha ikaishusha usoni mwa Fundi ikiwa ya moto.

"Mwanangu, ukurasa huo una mtu," mzee alisema. "Tafuta ni nani. Usikimbilie kuziba."

"Babu, nyaya zimekupanda kichwani," Fundi alijibu.

Angetafuta, lakini baba yake alikuwa anangoja. Basi akafanya kile ambacho wenzake wote wa kazi hiyo hufanya wakibanwa: aliandika mstari mmoja kwamba ukurasa ule una mwenyewe, kiini kiupite bila kuugusa. Hakusema mwenyewe ni nani. Mashine ikaamka mara hamsini bila kugoma, na jioni ile akaupeleka mstari wake nyumbani.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika mchana, ukarudi, mashine ikaamka palepale. Mama alimkumbatia bintiye hadi akamkosesha hewa. Alipomvua mumewe barakoa ili amfute uso, kifua cha mgonjwa kiliendelea kupanda na kushuka sawasawa na mashine, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Alinusa, akaweka kiganja juu ya mashine, akakiondoa haraka.

"Nani amemkaribisha?"

"Hakuna," alisema mama.

"Huyu alikuwa anapita tu, hana pa kukaa. Kuna mtu amemwandikia nyumba."

"Ni mimi," alisema Fundi.

"Basi futa ulichoandika."

Akafungua kompyuta yake, akaufuta mstari, akaizima mashine na kuiwasha, na skrini ikabaki nyeusi, akaiwasha tena, nyeusi, mama akaanza kubana mfuko wa mkono akimwita mumewe kwa jina la ujana wao, midomo ya baba ikageuka rangi ya majivu, mganga akasoma na kutema mate na kusoma, na Fundi, machozi yakimziba macho, akaurudisha mstari herufi kwa herufi kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya duniani. Mashine ikaamka. Kifua cha baba kikapanda.

Mganga alikunja mkeka wake. "Sina dawa," alisema kwa upole. "Nikimtoa huyu, na mwenzake anatoka."

Baba hakuwa amesema neno kwa miezi mitatu. Sasa alifumbua macho, akamtazama Fundi, kisha akaitazama kompyuta magotini mwake. Tangu Fundi azaliwe, baba alimwita "mama", kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake. Hakuwahi kumwita vingine, hata akimkasirikia.

"Fundi," alisema. "Ahsante kwa nyumba. Mstari ule usiuguse tena."

"Anaongea!" mama alipiga kelele, akicheka na kulia. "Mwanangu, umemponya! Mjibu baba yako!"

Kile kifua kilipanda, kikashuka, kikingoja.

"Sitaugusa," alisema Fundi. Alitaka kumalizia "baba", akaishia hapo.